Konzi ya Mwisho ya Mbegu ya Uyoga

Enzi zetu, sisi tuliohamia vijiji vya ujamaa kule Ngara tungali wadogo, tuliijua harufu ya majani ya mgomba yanayochemka kabla hatujajua kusoma. Ilikuwa tamu, yenye udongo ndani yake, ikitambaa na ukungu wa asubuhi hadi kwenye mikeka yetu.

Bibi, mama yake baba, alihama kutoka kwake Murusagamba na furushi moja na kikapu. Kikapuni mlikuwa na konzi mbili za mboji kuukuu yenye nyuzi nyeupe, mbegu ya uyoga wake wa miaka yote. Furushi hakulifungua. "Uyoga ukiota hapa, nitajua ni nyumbani," alisema. "Ukikataa, narudi kwenye mahame yangu." Tulimwamini, tukaogopa. Nani mwingine angetulaza kwa hadithi?

Kazi yake haikutaka haraka. Majani makavu ya mgomba na maganda ya maharage aliyakatakata urefu wa kidole, akayaloweka usiku kucha, kisha akayachemsha ili ukungu mwingine ufe. Aliyatandaza mkekani yapoe na kuchuruzika maji. Hapo ndipo alipochanganya mbegu, akashindilia kikapuni na kukifunika gizani nyuma ya mafiga.

Mara ya kwanza kengele ya shamba la kijiji, rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, ililia majani yangali yanachuruzika. Bibi akachanganya konzi moja upesi, akashika jembe. Kikapu kikaja kunuka kama bwawa. Ikabaki konzi moja.

Mara ya pili kengele ilipolia, hakuinuka. Balozi wa nyumba kumi akaja.

"Shikamoo, Bibi. Wenzako wako shambani."

"Marahaba, mwanangu. Hebu finya hili."

Balozi akafinya tonge la majani. Maji yakamtiririka hadi kiwikoni.

"Linalia," Bibi akasema. "Likinyamaza nitakuja."

"Na mimi watu niwaambie nini?"

"Waambie unabembeleza."

Balozi akacheka, akavuta kigoda. Alifinya tena na tena, hadi tonge likatoa matone mawili matatu tu kati ya vidole. "Sasa limebaki kwikwi," akasema. Bibi akachanganya konzi ya mwisho, wakaenda shambani pamoja.

Siku za kungoja nazikumbuka kama ndoto. Tulipita jikoni kwa kunyata, tukinong'ona, utadhani kuna mtoto mchanga amelala. Asubuhi moja ya mvua Bibi alifunua kikapu, na humo vichwa vyeupe vilikuwa vimechomoza, vimebanana kama watoto kwenye blanketi moja. Alilifungua furushi, akatundika nguo zake ukutani.

Baadaye, vita ya Kagera ilipokuja na chumvi ikaadimika, tulikula uyoga ule kwa karanga, tukaisahau chumvi.

Siku hizi wajukuu zangu huotesha uyoga kwenye mifuko ya nailoni. Huiuliza simu kama majani yana maji ya kutosha, ilhali mikono wanayo. Wanavuna vizuri, nami nawapongeza. Nawaomba tu wafinye kwanza. Lakini wanahama sana, mji huu hadi mji ule, na kila wanapofika hufungua mizigo yote siku ileile. Nami hujiuliza, wanajuaje kwamba wamefika?