Nilivyojipandisha Kutoka wa Ishirini na Saba Hadi wa Tatu

Kosa ni langu, na nalisema mwanzo kabisa msije mkamtafuta mwengine wa kumlaumu. Nilimdanganya baba yangu miaka miwili mizima, kwa mdomo wangu huu, huku nimeshika ripoti ya skuli mkononi. Na kibaya zaidi, jamani, nilifurahia! Hata leo, mtu mzima na wajukuu, nikikumbuka maneno niliyokuwa nikiyatunga nacheka peke yangu jikoni. Kisha nakumbuka yalikofikia, kicheko kinanikauka.

Tulitoka Unguja tukaja kukaa Lozells, Birmingham, mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Baba yangu kule kwetu alikuwa mwalimu wa madrasa, watu wakimwita Maalim. Huku alikuwa anafagia kiwanda cha vyuma, Nechells. Kiarabu akisoma kama anakunywa maji. Kiswahili akiandika kwa herufi hizo hizo za Kiarabu. Lakini Kiingereza cha kwenye karatasi kilikuwa hakimjui na yeye hakijui. Mama naye vivyo hivyo.

Msomaji wa nyumba nilikuwa mimi. Barua ya manispaa, mimi. Maandishi ya kwenye kopo la maharage, mimi. Na ripoti yangu mwenyewe ya skuli, nani tena? Mimi!

Ripoti ya kwanza ilikuja mwisho wa muhula, kwenye bahasha ya kaki. Niliifungua njiani, nyuma ya kituo cha basi. Masalale! Wa ishirini na saba katika watoto thelathini na mmoja, imeandikwa kwa maneno, si kwa tarakimu. Hesabu: dhaifu. Kushona: hana uangalifu. Na chini, mwalimu wa darasa ameandika kwamba napiga domo mno na akili yangu huruka kila kinapopita kitu dirishani.

Nikafika nyumbani. Baba alikuwa kashavaa kanzu safi na kofia, kakaa kwenye kiti, anasubiri ripoti kama anayesubiri posa. Mama kasimama nyuma yake, mikono ina unga.

"Haya mwanangu," akasema Baba, "tusomee."

Wallahi nilikuwa nataka kusema kweli. Nilifungua mdomo. Ikatoka nyengine.

"Wa tatu."

"Wa tatu!" Mama akapiga kigelegele, unga ukaruka hadi kwenye pazia.

"Na mwalimu amesema nini?" Baba akauliza.

Nikaangalia pale palipoandikwa domo. "Amesema... ana ulimi wa fasaha."

"Allahu Akbar. Na hapa?"

Hapo ndipo palipokuwa pa dirishani. "Hapa anasema hakuna kinachompita asikione."

Baba akafumba macho kwa raha. Akachukua kalamu, akatia saini yake kwa Kiarabu, saini ndefu ya mapambo kama mlango wa Unguja. Nikarejesha skuli kile kipande chenye saini, ripoti yenyewe Baba akaiweka, na hakuna aliyejua kitu.

Basi nikanogewa! Kila muhula nilikuwa natunga. Panapoandikwa "angeweza kufanya vizuri zaidi", mimi nasoma "hakuna anayefanya vizuri zaidi yake". Muhula wa pili nikajipandisha wa pili. Muhula wa tatu nikajifanya wa kwanza, halafu nikaona nimezidisha, muhula uliofuata nikajirejesha wa pili, nikajitia na huzuni kidogo. Mama akanifariji kwa halua! Nikala.

Lakini Maalim hakuweza kukaa na furaha kifuani. Alisema msikitini, akasema kazini, akasema dukani. Haukupita muda majirani wakaanza kuleta watoto wao niwasomeshe hesabu siku za Jumamosi. Mimi! Wa ishirini na saba!

Walikuja wanne. Mmoja alikuwa Njeri, binti wa Nesi Wanjiru, Mkenya wa mtaa wa pili aliyekuwa akifanya kazi hospitali. Nesi Wanjiru alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, Kiingereza chake kimenyooka. Nilimwogopa kama moto.

Jumamosi ya kwanza Njeri akafungua daftari, akaniuliza kwa Kiingereza, maana watoto waliozaliwa huku ndivyo walivyo, nusu ukiijumlisha na theluthi inakuwa ngapi. Nikatoka jasho. Nikawaambia wachore kwanza pambo la jalada. Wakachora saa nzima.

Jumatatu nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa hesabu, Miss Harker, bibi mkavu mwenye miwani ya mnyororo. Nikamwomba anieleweshe nusu na theluthi. Aliniangalia kama paka aliyeanza kusema. Akanieleza. Jumamosi nikakata chapati za Mama vipande sita sita, nikawafundisha, wakaelewa, tukala somo.

Wiki iliyofuata wakaleta asilimia. Mimi mbio kwa Miss Harker. Kisha wakaleta pembe za pembetatu. Mbio tena! Nilikuwa najifunza Jumatatu, nafundisha Jumamosi, naogopa siku zote za katikati. Na nakwambieni, hakuna kinachomsomesha mtu kama hofu ya kuumbuliwa na mtoto wa miaka tisa.

Mwisho wa mwaka wa pili nikafungua ripoti nyuma ya kile kituo cha basi. Wa tisa. Wa tisa wa kweli! Hesabu: vizuri sana. Nilirukaruka pale njiani mpaka dereva wa basi akadhani nataka kupanda.

Sasa sikilizeni nilivyo mpumbavu. Nilifika nyumbani nikawasomea: "Wa pili." Kwa sababu wa tisa, kwao wao, ungekuwa msiba.

Na ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi nyengine. Miss Harker alitaka kunihamishia kundi la juu, lile la watoto watakaofanya mtihani wa O-Level. Kundi letu la chini tulikuwa tunaelekezwa kwenye mtihani mdogo, CSE, ambao haukufungua milango ya vyuo. Alimtaka Baba aje skuli wazungumze. Kama hawezi au hataki, aweke alama pale penye "hapana" na atie saini.

Nikaona mbele yangu Miss Harker akimpongeza Baba kwa mtoto aliyetoka wa ishirini na saba. Nikaweka alama kwenye "hapana". Kisha nikampelekea Baba.

"Hii ya nini?" akauliza.

"Ruhusa ya kwenda jumba la makumbusho, Baba. Tunakwenda kuangalia mifupa."

"Mifupa ya nani?"

"Ya wanyama wa kale."

"Nenda mwanangu, ukaone kudra za Mungu." Akasaini ile saini yake nzuri. Ee Mola nisamehe! Baba yangu alisaini kunizuia, huku anatabasamu.

Jumamosi moja baada ya hapo nilikuwa sebuleni na wanafunzi wangu wanne. Nesi Wanjiru kaja kumchukua Njeri, anakunywa chai na Mama. Posta ikaanguka mlangoni. Baba akaokota barua, akaona nembo ya skuli. Siku nyengine angeniita. Siku ile, kwa heshima ya somo, hakutaka kunikatiza.

"Sista," akamwambia Nesi Wanjiru kwa sauti ya chini, "hebu nitazamie hii."

Nikamwona anafungua. Chaki ikanianguka.

Akaisoma akiitia Kiswahili hapo hapo. "Maalim, huyu mwalimu anasema amesikitika sana vile ulikataa msichana aende kundi la juu. Ati kwa miaka yote amefundisha, hajaona mtoto akitoka namba ishirini na saba akafika namba tisa hivi. Anasema kundi sasa limejaa, lakini alitaka ujue una mtoto wa maana."

Njeri akaweka kalamu chini, akaniangalia.

"Ishirini na saba?" Baba akasema.

Akaingia ndani, akatoka na ripoti zangu zote, kazihifadhi kwenye kitambaa pamoja na vitabu vyake vya dini. Akanipa. "Soma kama ilivyoandikwa. Sista atakuwa anaangalia."

Nikasoma. Mbele ya wanafunzi wangu, nikasoma! Dhaifu. Hana uangalifu. Wa ishirini na saba. Wa ishirini na tatu. Nesi Wanjiru anafuatiliza begani kwangu, anaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ndivyo ilivyo.

Mama akauliza, "Na ule ulimi wa fasaha je?"

"Imeandikwa napiga domo mno."

Mama alijizuia. Nilimwona akijizuia. Kisha akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, Nesi Wanjiru akamfuata, watoto nao, na Baba mwenyewe mabega yakaanza kumtikisika. Nami nikacheka, nikidhani nimesamehewa.

Nilipomtazama Baba vizuri, machozi yake hayakuwa ya kicheko.

"Mimi nimesomesha watoto miaka ishirini," akasema. "Mtoto akipanda kutoka ishirini na saba hadi tisa, nilikuwa namsimamisha mbele ya darasa zima namwombea dua. Wangu mwenyewe kapanda hivyo, sikuambiwa. Umeninyima furaha ya kweli ukanilisha ya uongo."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga!

Jumatatu hakwenda kazini, akaenda skuli na Nesi Wanjiru. Nafasi haikuwapo. Nikafanya CSE, na wenzangu wa kundi la juu walipokwenda kusomea unesi na ualimu, mimi nilikuwa nauza mikate Northfield, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Miaka miwili niliitoa sadaka kwa woga wangu. Baadaye nikajiandikisha chuo cha ufundi, nikaifanya O-Level ya hesabu peke yangu.

Matokeo yalipokuja nilipanda ngazi mbio, napiga kelele, "Nimepasi, Baba! Nimepasi!"

Alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Sista Wanjiru," akasema. "Athibitishe."

Nikamfuata mtaa mzima, mimi mbele, mimi nyuma, nacheka na kulia. Nesi Wanjiru akasoma, akapiga ukelele uliotoa watu madirishani. Hapo ndipo Baba alipoweka mkono juu ya kichwa changu, pale pale barabarani, akaniombea dua yake ya darasani, ndefu, neno kwa neno, wapita njia wakitupisha.

Nyie watoto mnaowasomea wazee wenu: someni kilichoandikwa. Wa ishirini na saba ni namba tu, mtu huondoka hapo. Mimi uongo ndio ulionikalisha.

Na nyie wazazi, mtoto akikusomea ripoti yake bila kukwama hata pahala pamoja, mwite jirani!