Mstari Aliomchorea Rafiki Yake

Siku hizi mistari ya uwanja wetu huchorwa kwa unga wa mbao. Seremala wa barabara ya nyuma hukusanya unga ule chini ya msumeno wake, anautia guniani, na mtunza uwanja anakuja kuuchukua. Upepo ukivuma kidogo tu mstari unahama, refa anabaki kubishana na wachezaji kama mpira umetoka au haujatoka. Wageni huuliza kwa nini tusitumie chokaa kama watu wengine. Wenyeji hutazama pembeni. Basi nieleze mimi, maana nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi la fundi cherehani kama kawaida yangu. Mtu ukizeeka na miguu bado inataka kuzurura, lazima uwe na benchi la kuipumzishia.

Mtunza uwanja huyo tulikuwa tukimwita Chokaa. Jina lake la nyumbani nililisikia mara moja tu, siku ya msiba wa mkewe, nikalisahau kabla hatujarudi kutoka makaburini. Alikuwa mrefu, mkimya kidogo, mweupe mpaka kwenye nyusi kila ilipokaribia Jumamosi. Kazi yake aliipenda kupita kiasi. Chokaa mbichi ikija huwa ni mabonge, na inatakiwa kuzimwa: unaitia kwenye pipa, unaimwagia maji, inachemka yenyewe bila moto, kisha unaiacha ilale mpaka ukali wake uishe. Yeye alikuwa haiachi ilale sana. Alisema ikilala sana inapooza, na mstari wake alitaka uonekane kutoka barabarani. Mikono yake ilipasukapasuka kama ukuta wa zamani, lakini hakujali. Na hakuna aliyewahi kudhurika, kwa sababu mstari wa mpira wa miguu hukanyagwa kwa kiatu, basi. Nani aulalie?

Chokaa alikuwa mtu wa mpira wa miguu tangu tumboni. Rafiki yake wa kufa na kuzikana, yule fundi cherehani, alikuwa mtu wa raga.

Duka la Fundi lilitazamana na geti la uwanja. Ujanani alipewa kazi ya kushona jezi za timu ya raga, na kazi hiyo ndiyo iliyomvuta akaupenda mchezo wenyewe. Nimemwona akishona jezi hizo, si mchezo. Kitambaa kizito, mshono juu ya mshono, kola anaivuta kwa meno kuona kama itaachia. Vifungo alitumia vya mpira laini tu.

"Kwa nini vya mpira?" nilimuuliza siku moja. "Vya plastiki si vinang'aa zaidi?"

"Mzee wangu, hawa watu wanasukumana uso kwa kifua. Kifungo kigumu kitamchana mtu jicho."

Chokaa alikuwa pale, akacheka. "Mchezo gani huo wa kuogopa vifungo?"

"Na wenu ni mchezo gani wa kuogopa upepo? Mtu kaguswa bega, anashika goti, anagaagaa mpaka ng'ambo ya pili! Jezi zenu naweza kushona kwa chandarua, hakuna anayezishika."

"Sisi tuna akili, bwana. Mpira wa duara unajua unakokwenda. Wenu umetagwa na nani, bata?"

"Ndiyo maana taifa zima linalia kila mwaka. Wachezaji kumi na moja, nywele nzuri, kocha mpya, na bado mnafungwa na nchi ambayo haina hata uwanja."

"Walau sisi tunalia watu wengi. Nyinyi mkishinda mnashangiliana wawili, wewe na mkeo."

"Mimi simo!" mkewe alipaza sauti kutoka nyuma ya pazia, anakopiga pasi. "Shemeji, usinitie kwenye ugomvi wenu."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Timu ya taifa ya mpira ikifungwa, asubuhi Fundi alitundika kitambaa cheusi mlangoni na kumpa rafiki yake pole za msiba. Ya raga ikifungwa, Chokaa alipita akichechemea, ameufunga mkono kwa kanga. Hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata kama mvua itanyesha. Mmoja akisema itanyesha, mwenzake ananyoosha miguu na kusema hainyeshi, huku wingu liko juu ya vichwa vyao.

Kulikuwa na neno moja tu ambalo Fundi alilisema bila utani. Uwanja ulikuwa mmoja, wiki hii mpira, wiki ijayo raga, na mistari ilichorwa upya. Ile ya raga Chokaa aliichora kwa mabaki ya pipa, yaliyokwisha kupooza.

"Umetubagua," Fundi alimwambia. "Mistari ya mpira inang'aa kama meno. Yetu kama maji ya kuoshea vyombo. Mstari wa mwisho kwetu si wa kupita tu, ndugu yangu. Ndipo mtu anapokwenda kuulaza mpira. Ndiyo trai yenyewe. Ndiyo goli letu."

Nilimwona Chokaa anaangalia mikono yake.

Basi ikaja Jumamosi ya mechi ya maveterani wa raga, ingawa kwangu mimi bado ni vijana. Vijana wa raga walikuwa wamekula njama nzuri. Fundi alikuwa amewashonea jezi tangu baadhi yao hawajaota ndevu, na hajawahi kukanyaga uwanja ila kupeleka mzigo. Walitaka mwishoni mwa mchezo wamwingize, wampe mpira, na wapinzani wamwachie njia akaulaze. Mkewe aliambiwa, mimi niliambiwa, Chokaa aliambiwa. Mwenyewe tu ndiye hakujua.

Asubuhi hiyo Chokaa alifungua pipa kabla ya wakati wake. Alichanganya chokaa nzito, akachora mstari wa mwisho, akarudia, akarudia tena, mpaka ukawa mpana kama ukanda wa askari. Nilisimama naye pale.

"Leo hatasema nimembagua," aliniambia. "Nimemwekea wa kwake kabisa. Atauona hata akifumba macho."

Nayaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Niliyaona mazuri siku ile.

Saa sita kukawa na manyunyu, si ya kuzuia mchezo. Watu wa mpira walikuja kwa wingi, wamekaa upande mmoja, wanazomea kwa furaha. Kuelekea mwisho vijana wakamwita Fundi. Alikataa, akasukumwa, akavalishwa jezi aliyoishona kwa mikono yake mwenyewe. Ilimfika magotini. Mpira ukaja kwake, akaukumbatia kama mtoto mchanga, akaanza kukimbia. Nani alijua yule mtu anaweza kukimbia! Wapinzani walijiangusha huku na huku kama wamepigwa na radi. Uwanja mzima ulisimama, wa mpira na wa raga, na Chokaa alikuwa nyuma ya mstari wake, mikono juu, anapiga kelele, "Njoo! Njoo, Fundi, njoo!"

Angeweza kuinama taratibu akauweka mpira chini. Lakini alikuwa ameangalia wengine miaka mingi wakifanya, naye akataka kufanya kama wao. Alijirusha mzimamzima, kifua mbele, uso mbele, akateleza juu ya chokaa ile iliyolowa.

Tulishangilia. Yeye alibaki pale, kifudifudi, mpira chini yake.

"Amka! Mstari si kitanda!" mtu wa upande wa mpira alipiga kelele, watu wakacheka. Fundi akainua uso, mweupe wote kama kinyago, macho ameyafumba. Akaanza kutikisa kichwa. Mwingine akasema, "Leo hata raga wanagaagaa!" Kicheko kikazidi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Chokaa alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kujua. Alimshika mabega. "Usifumbe! Usipanguse! Maji! Leteni maji!"

"Sijambo," Fundi alisema. Meno yameumana. "Niache. Sijambo."

"Ni chokaa, Fundi, inachoma, twende bombani."

"Mtu wa raga hatolewi uwanjani kwa vumbi. Watu wako wanaangalia. Niache nisimame."

Akasimama. Akapunga mkono upande wa mpira, machozi yanamtiririka yakichora mifereji kwenye ule weupe, na watu wakampigia makofi wakidhani ni ya furaha. Akapangusa uso kwa mkono wa jezi, kile kitambaa kizito, akasugua mara mbili tatu. Alipotaka kutembea akaanguka. Ndipo akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima, na vicheko vikakatika kama taa.

Bomba la uwanja lilikuwa kavu, kama lilivyozoea kuwa. Chokaa alimbeba mgongoni mpaka dukani, mkewe akamwagia maji ya pasi, maji ya kunywa, kila maji yaliyokuwa mle ndani. Muda ulikuwa umeshapita.

Hospitalini muuguzi alimwosha macho kwa chupa ya maji iliyotundikwa, akitoa chembe moja moja kwa pamba. Alituuliza kwa nini hakuoshwa palepale. Jicho la kushoto lilikuwa limegeuka kama maziwa. La kulia, daktari alisema, lifungwe, tusubiri. Tukajua sote tunasubiri nini. Fundi hakuhitaji macho ya kuangalia milima. Alihitaji ya kuona tundu la sindano, maana nyumba yote ilikula kupitia tundu hilo.

Koridoni mkewe alikaa karibu na Chokaa. Hakupaza sauti.

"Shemeji, ulitia nini kwenye ule mstari?"

"Chokaa."

"Hii hii ya siku zote?"

"Ya siku zote. Ila leo nilitia nyingi. Nilitaka..." Kisha akasema, "Yeye alifikiria mpaka vifungo. Mimi sikufikiria hata uso."

Mama yule aliinuka akaenda kukaa benchi la pili. Si kwa chuki, nadhani. Alihitaji tu mahali pa kukaa.

Siku bandeji ilipofunguliwa, jicho la kulia liliona dirisha. Liliona kwamba kuna mtu amesimama mlangoni, lakini si nani. Daktari akaweka kalamu mbele yake, Fundi akainyooshea mkono, akashika hewa.

Alirudi dukani. Mkewe alijifunza kukanyaga cherehani, mishono ya moja kwa moja akaiweza, na wateja wa viraka wakabaki. Wa suti walihama mmoja mmoja kwa adabu. Fundi aliachiwa kazi za mkono: pindo, vifungo, kutafuta mshono ulioachia kwa vidole.

Chokaa alimwaga pipa lake lote kwenye shimo la takataka, akaenda kwa seremala kuomba unga wa mbao. Na sisi, bila kukubaliana, tukaacha kumwita lile jina. Ilikuwa vigumu kulitamka karibu na duka lile. Wengine wakamwita "mzee", wengine "wewe pale". Jina walilompa watu kwa kazi ya maisha yake likamtoka kama nguo, na hatukumpa jingine.

Kila asubuhi alifika dukani kabla ya kwenda uwanjani. Alikaa akatunga nyuzi kwenye sindano, nyeusi, nyeupe, za kaki, akazichomeka kwenye mto wa sindano kwa safu ili Fundi azikute tayari. Alijaribu na utani pia, masikini.

"Watu wako wa raga wamefungwa jana. Nimesikia redioni."

"Sawa," Fundi anasema.

"Tena vibaya."

"Sawa."

Nilitamani amtukane. Nadhani hata Chokaa alitamani. Mtu akikutukana bado uko naye. Lile "sawa" lilikuwa kama mlango unaofungwa polepole, ili usisikike.

Iliendelea hivyo mpaka mvua zikaja zikapita. Kisha timu ya taifa ya mpira ikafungwa nyumbani, mbele ya watu wake, na asubuhi yake mtaa mzima ulikuwa umenuna. Chokaa aliingia, akakaa, akachukua uzi. Fundi alikuwa na jezi ya raga mapajani, anashona kifungo cha mpira kwenye kola. Vijana walikuwa wamemletea kwa heshima tu, nafikiri.

"Chokaa," akasema.

Mkewe aliacha kukanyaga cherehani. Mimi niliangalia viatu vyangu.

"Chokaa, si nakuita? Umekuwa kiziwi ili tulingane?"

"Naam, Fundi."

"Walifungwa ngapi, wale wenye nywele?"

"Tatu."

"Wamegaagaa?"

"Wamegaagaa sana."

"Nilijua." Akakaza uzi, akaukata kwa meno kama zamani. Akapitisha kidole gumba juu ya kifungo, akaiinua jezi kuelekea sauti ya rafiki yake. "Hebu tazama. Kimekaa sawa?"

Kifungo kilikuwa kimekaa upande, mbali na tundu lake, uzi umeshika mpaka kitambaa cha ndani. Mkewe alikiona. Mimi nilikiona.

"Kimekaa sawa," Chokaa alisema.

Fundi aliiacha jezi ipo juu. Miaka yote ile, hata wingu likiwa juu ya vichwa vyao, Chokaa hajawahi kumkubalia neno lolote bila ubishi. Nikaona uso wa Fundi unalielewa hilo, taratibu, kama mtu anayesoma kwa vidole.

Akaishusha jezi mapajani. Akapapasa meza mpaka akapata mkasi, akaanza kutafuta uzi ili akitoe kile kifungo.