Vifungo Sita vya Kapteni

Nina hasira ya kujitandika makofi. Karani mzima wa ofisini Nakasero, nani alinituma kujifanya mpiga picha?

Kapteni, jirani yangu hapa Naguru, alipooa aliniita na kamera yangu mpya. Sebule ilikuwa na giza, na flashi akaikataza isije ikawashtua walinzi wake. Nikajitapa: "Usijali, afande. Filamu nitaiacha kwenye dawa ya kusafishia muda mrefu, picha zitang'aa."

Fundi wa studio aliniambia dakika kumi na tano. Mimi mjuaji, bafuni kwangu, nikaiacha nusu saa! Kumbe dawa huzidisha palipokuwa na mwanga tu. Penye giza haina la kufanya. Gauni la bibi harusi liliwaka kama taa. Kando yake palikuwa na weusi mtupu, na vifungo sita vya sare vikielea hewani. Nikajidanganya kwamba hiyo ndiyo sanaa.

Jana nikampelekea Kapteni picha, mbele ya wageni. Wote wakaacha kutafuna. Akina mama huja kila siku getini kwake kumwuliza waume zao waliochukuliwa na askari wako wapi, naye hajawahi kumjibu hata mmoja. Sasa aliishika ile picha, akanikazia macho.

"Bibi yangu naona," akasema. "Mimi iko wapi?"