Fundo la Kikuba

Huwaida, binti wa kijiji cha Mbwajumali aliyeolewa mtaa wa Mkomani, alishinda akifunga vikuba na mavyaa wake, Bi Alawiya, mamake mumewe: asumini, rihani na mkadi, vishada ambavyo mke hubandika kifuani kumngojea mumewe.

Basi Bi Ruba, mchoraji aliyepanga nyumba ya jirani, alipoomba kumchora na kikuba chake, Huwaida alitoa sharti moja: sura isionekane. Bila sura, nani atamjua? Akamwachia Bi Alawiya mwanawe, Husni, akaaga kwamba anakwenda kuchuma asumini. Akakaa kitini kwa Bi Ruba. Ng'ambo ya ukuta mwana akaanza kulia. Maziwa yakamtoka Huwaida kifuani, yakalowesha kanzu. Akaona haya kunyanyuka mbele ya mgeni, akakaa tu.

Picha ilipokwisha, Bi Ruba akaitundika uani na kuwaalika wanawake wa mtaa. Mwanamke wa pichani hakuwa na uso. Shingoni palichipuka kichaka cha asumini, ndege kalala ndani. Na pale palipokuwa na doa la maziwa mche ulikuwa umeota, maua meupe yakimwagika hadi sakafuni.

"Subhanallah! Huyu mke au bustani?" Asmaa wa jirani akacheka. "Hana mato, ataionaje ndia ya kwao?"

"Atashikwa mkono na mumewe. Kikuba si kile kakivaa?" mwingine akadakia.

Vicheko vikajaa ua. Huwaida akavuta buibui hadi puani.

Bi Alawiya, Husni kiunoni, hakucheka. Alisogea akakitazama kikuba. Uzi ulizunguka mara mbili, ukarudi chini ya jani la mkadi, ukajificha. Fundo lile lilikuwa lake, na alikuwa amemfunza mtu mmoja tu.

"Asumini ya siku ile uliichuma wapi, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Huwaida akazungusha pindo la buibui kidoleni.

"Mwana alilia hata sauti ikamkauka. Nami nambembeleza, nyamaza baba, mamako yuwaja, ndia ni ndefu. Kumbe ni ukuta mmoja."

Heri angemtukana. Husni akamwona mamake, akanyoosha mikono, na maziwa yakashuka tena bila kuitwa.

"Haya, mpe haki yake," akasema Bi Alawiya.

Huwaida akaketi papo hapo chini ya picha, akamfunika mwana kwa buibui. Juu yake wanawake walikuwa bado wakiyasifu maua. Yeye hakuinua kichwa.