Jogoo wa faini: nilivyojua tofauti ya kukejeliwa na kupuuzwa

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi humu mwenzetu aliuliza kukejeli, kudhihaki, kubeza, kudharau, kupuuza na kukaidi vinatofautianaje. Wengi mlimjibu kuwa maana ni ileile.

Mimi tofauti hiyo niliishi ndani yake. Nitaisimulia ilivyokuwa, bila kujipendelea.

Ni miaka ya sitini. Nilitoka kwetu Kibabi, milimani Masisi, mashariki mwa Kongo, wakati wa vurugu. Wazazi walikuwa wameshafariki. Nilipita Kalembe, nikateremka hadi kijiji kimoja cha msituni upande wa Walikale. Nilikuwa na jembe, mbegu za maharagwe na kamusi isiyo na jalada. Shule niliacha darasa la nne. Mengine nilijifundisha kwa kamusi ile, nikinakili maneno kwenye daftari.

Nilipewa kiwanja jirani na mjane mmoja, Mama Sifa. Nikapanda maharagwe kwa matuta, kama kwetu mlimani.

Msituni joto na mvua havipumziki. Majani yakaota ukungu, maganda yakaoza.

Wanaume wa pale walikula pamoja barazani, kibanda kisicho na kuta katikati ya kijiji. Kila mmoja alileta chakula cha kwake. Mimi sikuwa na mke, nilileta sufuria yangu ya maharagwe machache yaliyopona.

Mwindaji mmoja, Papa Mateso, ndiye aliyeanza.

"Kaka, maharagi yako inatetemeka kule shambani. Uiletee koti!"

"Haiko koti inakosa," mwingine akadakia. "Inalilia mama yake mu mulima."

Kesho yake Mateso alipita mbele ya baraza ameshika jani la mgomba usoni kama daftari, akiiga nilivyotembea nikisoma, mpaka akajikwaa makusudi. Tangu hapo nikaitwa Papa Kaye, yaani baba wa daftari.

Mimi niliandika. Kukejeli: Mateso, maneno ya koti. Kudhihaki: Mateso, jani la mgomba. Kubeza: mzee mmoja, alikunja mdomo alipoonja chakula changu. Kukaidi nilijiandikia mwenyewe, maana msimu wa pili nilipanda maharagwe palepale.

Ukurasa ulipojaa nikaupeleka kwa kapita, mkuu wa kijiji, nikausoma mbele ya watu wote.

Hakuna aliyecheka. Kapita akamtoza Mateso faini ya jogoo mmoja. Jogoo aliletwa jioni ileile, amefungwa miguu. Nikashukuru, nikaenda naye nyumbani, nikamfuga.

Hapo ndipo nilipokosea, na sikujua.

Kuanzia siku ile walinisalimu vizuri. "Jambo, Papa." Basi. Hakuna aliyetaja maharagwe yangu tena. Barazani waliniachia nafasi pana kulia na kushoto. Nikizungumza, walisubiri nimalize, kisha wakaendelea walipokuwa wameishia. Jina la Papa Kaye likapotea.

Miezi ikapita hivyo. Nilianza kuzungumza na jogoo. Nilimsomea kamusi.

Siku moja nilipita mwenyewe mbele ya baraza, daftari usoni, nikajikwaa makusudi. Mateso akatazama pembeni.

Nikaamua kurudi Masisi, ingawa hapakuwa na mtu wa kunipokea. Mama Sifa akanikuta nafunga mzigo.

"Unaenda wapi, kaka?"

"Kwetu. Hapa wananidharau."

Akasonya. "Nani anakuzarau? Weye njo ulituzarau! Jogoo ya faini muntu anaipika, anaileta ku baraza, anakula na ule mwenye alilipa. Njo maneno inaisha. Weye uliifuga! Kila asubui Mateso anasikia jogoo yake inawika kwako, anajua uko na hasira."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Nani atamwambia muntu mwenye kuandika kila neno?"

Nikauweka mzigo chini.

Nilimchinja jogoo, nikampika kwa mawese na maharagwe yangu ya mwisho, yale ya mbegu. Nikaiweka sufuria barazani, mbele ya Mateso. Wangekataa kula, nisingekuwa na kijiji tena, si mlimani wala msituni.

Mateso alinawa mikono. Akavunja paja. Akatafuna. Akaendelea kutafuna.

"Papa Kaye," akasema, "jogoo hii ulikuwa unaifundisha kusoma? Nyama yake iko nguvu kama ile kitabu yako!"

Baraza zima likalipuka kwa kicheko. Machozi yalinitoka, nikasingizia pilipili.

Sikuliandika neno lile. Nilikaa pale miaka minane.

Leo ni mzee, naishi mjini, mbali na kule. Majirani wananipisha njiani, wananiita mzee, wanapita. Ni adabu njema, sina la kulalamika. Lakini tangu nihamie hapa hakuna aliyeniuliza hata mboga zangu za uani zinatetemeka kwa nini.

Nilichojifunza ni hiki: anayekukejeli bado anakutazama. Anayekupuuza amekwisha kukuondoa barazani. Na ukihamia ugenini, kabla hujashtaki, uliza kesi za pale huishaje.

Kwenu mtu hutaniwaje? Leteni maneno yenu hapa chini. Na kama kuna la kunicheka katika haya, nicheke tu, kaka na dada zangu. Daftari nimelifunga.