Mgeni wa Nyuma ya Banda la Kuku

Mume wangu ananuka. Simsengenyi, hata mbele yake nasema. Miaka thelathini chuoni kazi yake ni kuacha panya na kuku waliokufa vichakani, asubiri waoze, kisha aokote kwa koleo dogo la kubania wadudu waliofuata uvundo. Majirani wanamwita Bwana Mizoga. Mimi ni mke wa Bwana Mizoga, jamani, na nguo zake nazifua huku nimeziba pua.

Tangu tuoane niliweka sheria: mezani hakuna mizoga wala funza, hata kwa kutajwa. Ndiyo maana mdudu mmoja aliyekuwa akimsaka miaka yote akambatiza "mgeni". Kila jioni: "Mama watoto, mgeni bado hajafika upande wetu."

"Akifika asilale hapa. Kula."

Ijumaa hii anastaafu. Jumatatu chakula kilimshinda. Ramani yake ya mdudu huyo ina nukta nchi nzima, ila upande wetu wa mto ni mweupe. Asipompata hata mmoja, ataikabidhi na pengo lake, na wenzake watamcheka.

Huruma ikanishika. "Haya, huyo mgeni yukoje?"

Akachangamka. "Mweusi, mrefu kama pingili ya kidole. Mbawa fupi, kama kizibao kisichofika kiunoni, tumbo lote nje. Kwenye mzoga hatafuti nyama, anatafuta funza, anawatafuna wakiwa hai. Ukimchokoza anabinua mkia, anatoa harufu..."

"Ebo! Nitatapika!" Kisha nikashtuka. "Anabinua mkia kama nge?"

"Huyo huyo! Umemwona wapi?"

"Nyuma ya banda. Kuku akifa nikachelewa kumfukia, wanakuja. Miaka yote nawaponda kwa ndala."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliuliza tu polepole, "Mbona hukuniambia?" Nikainuka kuondoa sahani.

Jumanne nilichinja kuku wangu anayetaga, nikamwacha nyuma ya banda bila kumfukia. Alhamisi mchana mume wangu yuko kazini, kuku amejaa funza. Mara akachomoza mweusi, akabinua mkia. Nikajikuta nimeshavua ndala, mkono uko juu.

Nikaitupa mbali. Koleo liko chuoni. Nikafumba macho, nikamkamata kwa vidole hivi hivi, akaning'ata, akanitolea harufu yake, loo! Nikamtumbukiza kwenye kopo langu la sukari. Nimenawa mara tisa na bado nanuka.

Nikapiga simu. "Baba watoto, njoo nyumbani. Mgeni wako amefika."