Gari Lililokataa Kuhama Makongeni

Mume wangu alipostaafu kazi ya reli, tulipewa hadi mwisho wa mwezi kurudisha ufunguo wa nyumba. Nyumba za Makongeni ndivyo zilivyokuwa: ukiwa na kazi unakaa, kazi ikiisha unafunga virago. Mimi sikuona ubaya. Kichwani nilikuwa nimeshafunga vyangu zamani. Kule nyumbani tulikuwa na kipande cha shamba na nyumba ya mawe ambayo nilisimamia ujenzi wake mwenyewe, na mvua za masika zilikuwa mlangoni. Nilitaka zinikute na jembe mkononi.

Lakini bwana akaweka sharti. Hatahama kwa lori.

"Nilikuja Nairobi kwa behewa la daraja la tatu, nimebeba sanduku la mbao," akasema. "Nitarudi kwetu nikiendesha gari langu."

Gari lenyewe sasa! Lilikuwa kando ya nyumba, juu ya mawe, tangu kitinda mimba wetu akiwa darasa la kwanza, na huyo kitinda mimba alikuwa ameshaota ndevu. Gari dogo la Kiingereza, zamani rangi ya samli, sasa rangi yake hata sijui niiteje. Kuku wangu walilala ndani. Nguo nilizianika juu ya boneti.

"Baba watoto," nikamwambia, "huo ni mzoga."

"Mzoga ni wa kitu kilichokufa. Hili limelala."

Alikuwa fundi wa injini za treni maisha yetu yote ya ndoa, na katika mambo yote ya dunia, hilo ndilo pekee ambalo sikuweza kubishana naye.

Alianza polepole. Alitoa kiota cha panya chini ya boneti, takataka za kujaza karai zima. Akatia hendeli mbele ya gari na kujaribu kuzungusha injini. Ng'o! Pistoni zilikuwa zimeshikwa na kutu ndani. Mwingine angeenda kutafuta nyundo. Yeye akafungua plagi, akamimina ndani ya kila tundu mafuta ya injini aliyoyachanganya na mafuta ya taa, akafunika na kitambaa, akaja kunywa chai.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa tunangoja. Injini haikemewi."

Laiti na mimi ningekuwa injini, nikajisemea. Kila asubuhi alikwenda kuishika ile hendeli, akaisukuma kidogo, akasikiliza, akaiacha. Siku moja nikamsikia akiniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu watoto wetu walipokuwa wakizaliwa. Nikatoka mbio, mikono ina povu la sabuni. Hendeli ilikuwa imesogea upana wa kidole.

"Umeona? Inapumua!"

Nilicheka, siwezi kusema uongo. Nilifurahi pia. Tangu siku ile ya kuagwa kazini alikuwa amekaa kitandani akitazama viatu vyake, na sasa alikuwa na mafuta mpaka kwenye nyusi.

Injini ilipozunguka, akamwaga petroli ya zamani, iliyokuwa ikinuka vanishi mpaka majirani wakafunga madirisha. Kabureta aliifungua yote na kuipanga juu ya sinia yangu ya kuchagulia mchele. Nilipiga kelele siku hiyo, Makongeni yote ilisikia. Yeye akaendelea kusugua poindi, vile vibati vya kupitisha cheche, kwa ubavu wa kibiriti, anapuliza, anasugua. Betri akaazima kwa jirani yetu seremala, magurudumu akayarudisha, gari likashuka kutoka kwenye mawe. Akasema sasa bado kidogo tu.

Hiyo "bado kidogo" ikawa wimbo. Leo bado. Kesho bado. Nilishashusha mapazia, kuku nimewagawa, vyombo viko kwenye makarai, tunakula kwa sahani mbili. Mwezi unakwisha, mvua inanukia upande wa Ngong, na mzee yuko chini ya boneti anapangusa kitu ambacho amekipangusa jana. Nikaanza kuota ndoto za askari wa reli wakitoa kitanda changu nje mchana kweupe.

Jumapili moja natoka kanisani, mke wa yule seremala, mwanamke wa Mombasa mwenye maneno matamu, akanipokea mlangoni kwake.

"Hongera, shoga! Maiti wenu kafufuka. Jumapili iliyopita ulipokuwa kanisani, mngurumo ulinitikisia vikombe kabatini! Nikasema, garimoshi limeingia uani?"

Nikamshukuru. Nikatabasamu mpaka nilipoingia kwangu na kufunga mlango. Kisha nikaliendea koti la kazi la mume wangu nyuma ya mlango, nikatia mkono mfukoni. Rota ilikuwa humo. Ni kidude kidogo cheusi, chenye ulimi wa shaba, na bila hicho gari haliwaki hata ulibembeleze. Nilikijua vizuri. Gari lilipokuwa zima alikuwa akikichomoa kila jioni na kuingia nacho ndani, ili mwizi akija alikute gari bubu.

Nikamwekea mezani, mbele ya chai yake.

"Hii inafanya nini kotini, na gari liko nje?"

Nilidhani ataniruka, aseme hajui. Hakuniruka.

"Linawaka," akasema. "Linawaka vizuri sana." Hata wakati huo hakuweza kuficha fahari yake.

Nikapandwa na mori. Nikamuuliza kama anangoja tutupiwe vyombo nje majirani wakitazama. Nikamuuliza mimi ni mtoto mdogo wa kudanganywa na chuma? Mwisho nikamwambia, "Mkataa kwao mtumwa!" Nikaona neno hilo limempata.

"Kwetu ni wapi, mama?" akasema. "Wewe kila mvua ulikuwa kule. Unajua nani kazaa, nani kazikwa, nani haongei na nani. Mimi nilikuwa nafika Krismasi, naletewa kiti kama mgeni. Hapa nikitembea mpaka Jogoo Road, narudi barabara nzima imenisalimu. Kule nina nani? Nina wewe tu."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nikavuta kiti, nikaketi.

Nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Aliponileta katika nyumba hii, bibi harusi na leso yangu mpya, katika mji huu mzima sikumjua mtu ila yeye. Naye asubuhi anakwenda kazini mpaka jioni. Nilikuwa nikisimama nyuma ya pazia na ndoo mkononi, naogopa kwenda bombani. Wanawake walikuwa wengi pale, wanacheka, na sikujua ningesema nini.

"Ulifanyaje?" akauliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Nilienda bombani," nikasema. "Wakanicheka. Kesho yake nikaenda tena."

Alimaliza chai yake. Akachukua rota, akatoka nje. Gari liliwaka mara moja, nami nikasimama mlangoni nikilia bila kuficha, kwa sababu hata mimi, jamani, nilikuwa nimezeeka katika nyumba ile.

Tulihama siku mbili tatu kabla ya mwezi kwisha. Vyombo vilitangulia kwa lori la jamaa, sisi tukafuata nyuma, polepole, gari likikohoa kwenye milima lakini halizimi. Lami ilipoisha tukamwona mwanamke anakuja na mzigo wa kuni mgongoni. Alikuwa mke wa binamu ya mume wangu, aliyeolewa sisi tukiwa Nairobi.

"Huyu ni nani?" mume wangu akaniuliza chini chini. Nikamwambia. Akasimamisha gari, akatoa kichwa dirishani, akamsalimu.

Mama yule akaitikia kwa heshima, akamtazama, kisha akainama kuniangalia mimi upande wa pili. "Karibu nyumbani, mama! Na huyu dereva umemtoa wapi?"

Nilitaka kujibu mimi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Mimi ni mume wa huyu," akasema mwenyewe. "Nimehamia." Akafungua mlango, akashuka, akampokea kuni.